i7-6700 au i5-8500? Soma namba kabla ya kutoa pesa

Maduka ya kompyuta za mtumba hapa Tanga yana desturi moja. Kompyuta za mezani za Dell na HP zinapangwa, kila moja inabandikwa kikaratasi kilichoandikwa i3, i5 au i7, na bei chini yake. Kikaratasi hicho ndicho kinachowapotezea watu pesa. Mtu anaona saba ni kubwa kuliko tano, analipa, anapakia kwenye bajaji. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuwasindikiza watu kununua, na swali ninalokutana nalo kila mara linahusu prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta: kati ya i7-6700 na i5-8500, ipi? Nawaambia i5-8500. Nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, maana ukishaelewa hesabu ya hizi mbili utaweza kulinganisha prosesa nyingine yoyote utakayowekewa mbele.

Tuanze na namba iliyo baada ya kistari. Kwa prosesa hizi za Intel, tarakimu ya mbele ndiyo kizazi. 6700 ni kizazi cha 6, kilichotoka 2015. 8500 ni kizazi cha 8, na yenyewe ilitoka 2018. Tarakimu zikifika tano, kama 12400, kizazi ni zile mbili za mbele, yaani 12. Ile 3, 5 au 7 ya mwanzo inakwambia daraja ndani ya kizazi kimoja. i7 ya kizazi cha 6 inaizidi i5 ya kizazi cha 6, hapo hakuna ubishi. Ukivuka kizazi, daraja hilo halina tena neno la kukwambia.

Usiache na herufi ya mwisho. F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya grafiki hupati picha kwenye skrini. T ni prosesa iliyobanwa umeme, wati 35 badala ya 65, na hiyo ndiyo inayokaa kwenye zile kompyuta ndogo za mezani zinazopendwa kwa kuwa hazili nafasi. i5-8500 ya kawaida inaanzia 3.0 GHz (GHz ni kipimo cha kasi ya prosesa) na kupanda hadi 4.1. i5-8500T inaanzia 2.1 na kuishia 3.5. Kikaratasi kitasema i5 kwa zote mbili.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu. Kori ni kitengo kinachofanya kazi ndani ya prosesa, thredi ni foleni ya kazi inayopewa kori, na kashe ni kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya chipu. i7-6700 ina kori 4 na thredi 8, kasi ya 3.4 hadi 4.0 GHz, kashe ya MB 8. i5-8500 ina kori 6 na thredi 6, kasi ya 3.0 hadi 4.1, kashe ya MB 9. Zote ni wati 65. Hapa ndipo wengi wanaponasa, kwa sababu thredi 8 zinaonekana nyingi kuliko 6, na 3.4 inaonekana kubwa kuliko 3.0.

Kijana mmoja wa Makorora anayehariri video za harusi alinishikilia hapo hapo. "Kaka, hii ina nane, ile ina sita. Halafu hii ni i7. Mbona hesabu iko wazi?"

Nikamwambia, "Mdogo wangu, thredi si kori. Tuchukue karatasi tupige hesabu."

Tukaipiga. Kori zote zikifanya kazi kwa pamoja, hakuna prosesa inayofika ile kasi yake ya juu kabisa. Kori zote 4 za i7-6700 zinakwenda 3.7 GHz, na kori zote 6 za i5-8500 zinakwenda 3.9. Nne mara 3.7 ni 14.8. Thredi za ziada zinaisaidia i7, kwa sababu kori moja inapewa foleni mbili za kazi ili isikae bure ikisubiri data, lakini msaada huo kwa kazi nyingi ni kama robo hivi. Ongeza robo, unapata 18.5. Upande wa pili, sita mara 3.9 ni 23.4. Kwa hiyo kwa kazi inayotumia kori zote, i5 inatangulia kwa kama robo. Ukifungua matokeo ya PassMark, kipimo kinachozipa prosesa alama, i7-6700 inazunguka 8,000 na i5-8500 inazunguka 9,500. Hesabu ya karatasi na kipimo vinaelekea upande mmoja, na hilo linanipa imani kuliko kuambiwa na muuzaji.

Ila hesabu hii imekubali kwa sababu moja kubwa: kori za prosesa hizi mbili ni za muundo ule ule. Intel ilikaa na muundo huo wa Skylake miaka kadhaa, ikawa inaongeza idadi ya kori na kasi tu. Ukilinganisha miundo tofauti, usithubutu kuzidisha kori kwa GHz ukadhani umemaliza. Angalia i3-12100, iliyotoka 2022. Ina kori 4 na thredi 8, sawasawa na i7-6700, na kasi yake ya juu ni 4.3, tofauti ndogo tu. Lakini PassMark inaipa karibu 14,000. Kori mpya inafanya kazi nyingi zaidi ndani ya pigo moja la saa, na jambo hilo huwezi kuliona kwenye orodha ya sifa. Hapo vipimo ndivyo vinavyosema ukweli.

Na vipimo navyo vina adabu yake. Chagua kinachofanana na kazi yako. Cinebench inachora picha kwa kutumia kori zote, kwa hiyo inamfaa anayefanya video na michoro. Programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure, ina kipimo chake ndani kinachoonyesha kasi ya kukandamiza mafaili. Geekbench inatoa namba mbili, ya kori moja na ya kori zote. Usichanganye matoleo: namba ya Geekbench 5 na ya Geekbench 6 hazikai kwenye mizani moja, na vilevile Cinebench R15 na R23. Nimeona mabishano ya WhatsApp yanakwenda mpaka usiku, kumbe kila mmoja ameshika namba ya toleo lake.

Mwenye steshenari aangalie zaidi namba ya kori moja. Kuchapa barua, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kufungua Excel, kutoa kopi: kazi hizi hazizijazi kori 6. Kwa kori moja prosesa hizi mbili karibu zinalingana, na hutaona tofauti kwa macho. Dada yangu mwenye steshenari, kama kompyuta yako bado ina diski ya zamani inayozunguka, weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, kwanza. Hapo utaona tofauti kabla hata Windows haijamaliza kuwaka.

Sasa mambo ambayo hayamo kwenye kipimo chochote, na kwangu mimi ndiyo yanayoamua. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, yaani masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma. Windows 11, ukiacha prosesa chache za kizazi cha 7, inazikubali rasmi za Intel kuanzia kizazi cha 8. i5-8500 imo kwenye orodha, i7-6700 haimo. Zipo njia za kuilazimisha, nami nimeombwa kuzitumia, lakini kwa mtu anayeweka hesabu za wateja na nakala za vitambulisho vyao sipendekezi. Grafiki ya ndani nayo inatofautiana. Ile ya i5-8500 inafungua video za HEVC za biti 10 na VP9, ambazo ni namna za kukandamiza video, kwa chombo maalumu ndani ya chipu. Ya i7-6700 haina chombo kamili cha kazi hiyo, kwa hiyo mzigo unaangukia kori. Kijana wetu wa harusi, akiletewa video za aina hiyo, ataliona hilo siku ya kwanza.

Halafu kuna hatari ya soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Zote mbili zinaitwa LGA1151, na i5-8500 inaingia vizuri tu kwenye mazabodi ya kizazi cha 6. Inaingia, lakini haiwaki. Usinunue prosesa peke yake ukitegemea kuichomeka kwenye OptiPlex 7040 yako, ile Dell ya kizazi cha 6.

Joto la pwani nalo lina sehemu yake. Matokeo mengi ya mtandaoni yamepimwa kwenye vyumba vyenye ubaridi. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, chumba cha kazi Ngamiani kinapita nyuzi 30, na kila nyuzi ya chumba inaongezeka kwenye prosesa. Hivi karibuni nilifungua kompyuta ndogo ya mtumba iliyokuwa inalalamikiwa uzito. Mapezi ya kupozea yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana, na dawa ya kupozea juu ya prosesa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta ulioliwa na chumvi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo namba ulizosoma mtandaoni hazikuhusu tena. Nilisafisha, nikapaka dawa mpya, ikarudi kwenye kasi yake.

Kwa hiyo dukani usiridhike na kuona imewaka. Nenda na flashi yenye CPU-Z na Cinebench R23. CPU-Z itakuonyesha jina kamili la prosesa pamoja na herufi yake ya mwisho. Kisha washa Cinebench, ambayo kwa kawaida inakwenda dakika 10, na ufungue Task Manager pembeni uangalie kasi. i5-8500 nzima itakaa juu ya 3.0 GHz muda wote. Ikishuka chini ya hapo na feni inapiga kelele, omba isafishwe kabla hujalipa, au chagua nyingine.

i7-6700 ninaipitisha kwa watu wawili: anayetumia Linux, mfumo unaowekwa badala ya Windows, na anayeipata kwa bei iliyoshuka sana na hahitaji Windows 11. Muuzaji akikutajia bei ile ile kwa zote mbili, au akaiweka i7 juu kwa sababu ya jina, mwambie akufungie ile i5.