Barua kwa mwanangu: hasara ya kwanza ule wewe

Newala, mwezi wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika salama, na picha ya cheti nimeiona. Mjomba wako aliivuta kwenye simu mpaka akasoma jina lako herufi kwa herufi, akasema mashaallah mara tatu. Sisi wazima. Mvua ilikatika katikati ya Januari ikarudi imechelewa. Mahindi yameungua ncha, mihogo imesimama.

Umeniambia umemaliza ile kozi ya saa 72 ya pemakalcha, kilimo kile cha kuiga maumbile, na unataka kurudi kuwafundisha wakulima wa huku wasio na kitu. Kisha ukaniuliza: kwa nini watu wa kwetu hufundishwa mambo mazuri, wataalamu wakishaondoka wakayaacha? Na je, ufundishe bure au utoze? Nimekaa na maswali yako siku nne, nikiyatafuna wakati wa palizi.

Hawaachi kwa ujinga, mwanangu, wala kwa uvivu. Mwenye ekari moja akijaribu jambo jipya anaweka rehani chakula cha mwaka mzima, na aliyemletea jambo hilo mara nyingi hajaweka rehani chochote. Ukitaka wakusikilize, hasara ya kwanza ule wewe. Shamba la kujaribia lipo, ni langu.

Ulikuwa darasa la tano, labda hukumbuki. Ulikuja mradi hapa kijijini, jina lake sina haja ya kulitaja. Walikuwa vijana wapole, wana bidii. Walitulipa posho kila Alhamisi tukachimba mifereji ya kukinga maji, na mimi nilipokea posho hiyo, sikufichi. Walitufundisha kupima usawa wa ardhi kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia katikati. Kipimo kile nilikipenda, mpaka leo naweza kukitengeneza. Ila walitaka shamba la mfano, na jirani yetu, yule mama wa watoto sita, akawapa nusu ya ekari yake ya mihogo.

Wewe umekulia huku. Mvua ikipiga saa nzima, ikitulia tu unapita shambani na maji huyaoni. Uwanda huu wa Makonde ni mchanga mwekundu unaokwenda chini sana. Maji yanazama, yanakwenda kutokea kule bondeni, ndiyo maana bibi zako waliteremka ukingo alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Mfereji wa kukinga maji unataka maji yanayokimbia. Ya kwetu yanakimbia uani na njiani tu, palipokanyagwa na kufagiliwa. Mashamba ya huku yanakosa mboji ya kuyashika maji yakishaingia, na mfereji hauleti mboji. Kule miteremkoni mifereji ile ingekuwa dawa. Hapa juu ilikula mihogo ya mama yule. Februari iliyofuata alikuwa akipalilia mashamba ya watu kwa kibaba cha unga, na shamba lake mwenyewe likaota nyasi kwa sababu mikono yake ilikuwa kwa wengine. Hakuna aliyerudi kumfidia hata kikapu kimoja. Posho ilipokoma, mifereji tukaifukia. Tungefanyaje?

Bibi yako alikuwa akisimulia habari za karanga za Nachingwea. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakafyeka pori. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda, na reli nayo ikaja kung'olewa. Serikali ile ilikula hasara ikapanda meli. Jirani yangu hana meli. Kila ukishika chaki, nataka umkumbuke.

Lakini lipo jambo katika barua yako lililonikamata mpaka nikalisoma tena usiku. Uliandika kwamba Mollison na Holmgren, wale Waaustralia walioanzisha elimu hii kule Tasmania miaka ya 1970, waligawa eneo katika kanda kuanzia sifuri, ambayo ni nyumba yenyewe, hadi ya tano, ambayo ni pori lisiloguswa. Na kwamba kinachohitaji jicho kila siku kikae karibu na mlango. Nilipofika hapo niliiweka simu chini.

Mwanangu, hilo tumelipia sisi. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka minane tulipohamishwa kuja kwenye kijiji cha pamoja. Shule na zahanati tulipata, nami nilijua kusoma kwa sababu hiyo; sisemi lilikuwa baya lote. Lakini mikorosho ya babu yako ilibaki kule kwa mwendo wa saa mbili. Mti ambao alikuwa akiupitia kila asubuhi akienda kunawa uso, sasa aliuona mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa mwezi. Vichaka vikapanda, moto wa kiangazi ukaingia, na ugonjwa wa ubwiriunga nao ulipokuja maua yakakauka mitini bila mtu kuona. Hayakuwa kwetu tu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Bei mbovu ilichangia, ugonjwa ulichangia, lakini nimemwona baba yangu akisimama mlangoni akitazama upande wa shamba asiloliona. Ukilifundisha somo la kanda huku, wazee wenyewe watakumalizia. Waulize walikuwa wakipita wapi asubuhi kabla ya 1974.

Sasa nikuambie neno ambalo sidhani waliligusa kwenye kozi. Mnafundishwa kupanda miti mingi, ya juu na ya chini, ya matunda na ya kuni. Vizuri. Lakini huku anayepanda mti amedai ardhi. Ukimwazima mtu shamba, atalima mahindi, kunde, njugu mawe, avune akurudishie. Siku akichomeka mche wa mwembe, mwenye shamba atakuja na wazee. Na maskini hasa, wale unaotaka kuwafikia, ndio wanaolima mashamba ya kuazima. Ukimpa mama wa namna hiyo miche ishirini umempa ugomvi. Kwa hiyo anza na kile ambacho hakuna wa kumnyang'anya: ua wake. Hapo nyuma ya jiko ndipo maji ya vyombo yanapomwagwa, ndipo majivu yalipo, ndipo kuku wanapochakura.

Nakwambia hivyo kwa sababu nimeshajaribu. Mwaka juzi, uliponieleza kwenye simu habari za shimo la migomba, nilicheka, halafu kesho yake nikachimba. Upana wake hatua tatu, kina chake magotini. Nilijaza majani ya mikorosho, mabua, pumba, samadi ya mbuzi wa mjomba wako, na mabibo yaliyobaki baada ya kukamuliwa uraka, pombe yetu ya mabibo. Ukingoni nikachomeka migomba minne na mpapai, katikati ya miche nikatupia marando ya viazi vitamu. Maji ya vyombo na ya kuogea yanaingia kwa kipande cha bati nilichokikunja kama mfereji. Kisima chetu cha mvua kikifurika masika, nayo yanaelekea huko huko.

Mwezi wa tisa, wakati tangu Mei halijaanguka tone la maana, nilifukua kwa mkono. Majani ya juu yalikuwa makavu, yanavunjika kama papa aliyekaushwa juani. Kiganja kimoja chini yalikuwa yamelainika, yameshikana, yana rangi ya kahawa. Chini zaidi vidole vilitoka vimelowa, na jongoo mmoja akajikunja kwenye kucha yangu. Nikanusa. Ilinukia msitu baada ya mvua, Septemba, Newala, nyuma ya jiko langu. Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka chai ikapoa.

Yule jirani, mama wa watoto sita, alipita kuomba moto. Akasimama, akautazama mgomba, akaniuliza, "Dada, huu unaumwagilia maji gani?" Nikamjibu ya vyombo. Hakuongeza neno. Baada ya wiki mbili nilisikia jembe uani kwake. Nilimpelekea vichipukizi viwili jioni, na wala sikumwambia jina la elimu hiyo. Sasa hivi nyua saba hapa mtaani zina mashimo, nami sijaita mkutano hata mmoja.

Hayo majani ya mikorosho nayo yana habari yake. Utataka kusema wayaache chini ya miti yafunike ardhi. Usiseme. Bibo huanguka na korosho yake, na anayeziokota ni mama aliyeinama tangu alfajiri. Majani yakiwa mengi korosho zinapotea, na nyoka yumo. Ndiyo maana watu hufagia chini ya miti kabla ya msimu, na wengi huchoma kwa kuwa moto ni rahisi. Waambie wafagie kama kawaida, ila badala ya kiberiti wachukue turubai, wayasombe mpaka kwenye shimo la uani au wayapange katikati ya mistari, mbali na kivuli cha mti. Hapo hujawaongezea kazi ila safari mbili tatu. Kazi ikizidi hapo haitafanyika, maana ile miezi ina mnada, ina chama cha msingi, ina mzani, na baada ya hapo ada za shule.

Na ndiyo maana nasisitiza wakati wa kuja. Usije Januari hadi Machi. Ni miezi ya njaa, watu wako kwenye vibarua, na aliyebanwa sana anauza korosho ambazo hazijachanua, kangomba, kwa bei ya kutupa. Utamkuta darasani akihesabu saa. Usije pia Oktoba. Njoo mwishoni mwa Mei, mahindi yakishavunwa na kabla salfa, dawa ya mikorosho, haijaanza kupuliziwa. Tumbo limetulia, usiku kuna baridi kidogo, watu hukaa barazani wanabangua mambo. Hapo ndipo somo linaingia.

Usimwahidi mtu bei. Mbaazi unazozisifu, nazisifu nami: mzizi wake unakwenda chini, majani yake yanarutubisha, na kuni zake ni nzuri. Lakini mwaka 2017 India ilipobana uingizaji, magunia yalibaki ndani, na waliolima mbaazi tupu walilia. Waliochanganya na mihogo na mahindi walikula mbaazi zao. Mwambie mtu apande mbaazi kwa ajili ya ardhi na chungu chake. Sokoni aende mwenyewe na akili yake.

Kuhusu malipo. Wenye mikorosho mia tatu watoze, na taasisi ikikuita watoze bila aibu, maana nauli na chakula chako haviwezi kutoka mbinguni. Kwa maskini usipokee pesa, na posho usitoe hata senti. Ila usiwape bure tupu. Mtu mzima hapendi kudaiwa shukrani maisha yake yote. Fanya kama ile ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe: akichukua kichipukizi kimoja, mwakani atoe viwili kwa jirani ambaye hajapata, wala si kwako. Yule mama wa watoto sita ameshatoa vitano.

Nimezungumza na mjomba wako kuhusu ardhi, kama inavyotakiwa. Amekubali upate ile robo ekari ya upande wa njia ya bondeni, na miti utakayopanda itakuwa yako, kalisema hilo mbele ya wazee wawili. Pale ardhi imechoka kabisa. Nilipanda karanga mara ya mwisho nikavuna maganda. Jaribu hapo yote uliyojifunza, hata yale ninayoyabishia. Nikikosea kuhusu mifereji nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Utakachovuna na kitakachokufa, vyote viwe mahali ambapo kila apitaye njia anaona.

Fulana zenye maandishi usilete. Lete kamba ndefu, mbegu za mchicha na bamia, na bomba la inchi tatu la kuunganisha mfereji wa bati la jikoni na kisima. La zamani limepasuka, na kila mvua ikinyesha naweka karai, nasimama kulishikilia mpaka mkono unakufa ganzi.

Mama yako