Nani anasimulia, na haoni nini?

Mdogo wangu unayeanza kuandika hadithi, lisahau kwanza lile jibu la mtihani: "mwandishi ametumia nafsi zote tatu." Alama tulipata, ila halisaidii ukikaa na karatasi tupu.

Mimi nilikuwa na hadithi ya mtumbwi wa dagaa uliotoka Kibirizi, kule Kigoma, usiku usirudi. Niliiandika mara tatu. Mara ya kwanza nikamweka msimulizi anayejua yote: upepo utaanza lini, nahodha anawaza nini, mkewe kule nyumbani Mwanga, mjini Kigoma, anaota nini. Kufika ukurasa wa pili msomaji ameshajua wanakufa. Kosa lilikuwa langu, si la msimulizi. Kujua yote si kusema yote, nami nilibwabwaja.

Mara ya pili nikamwachia kijana mvuvi aseme mwenyewe. Hapo utamu ukaja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na taa, kwa hiyo kijana haoni zaidi ya pale mwanga unapoishia. Kinachobaki ni sauti za maji na za wenzake. Nilipenda sana! Lakini naye anazama. Anatusimulia akiwa wapi? Nikajaribu kumwokoa kwa dumu tupu, ikawa sinema.

Mara ya tatu nikamfuata mama anayefika alfajiri na beseni kununua dagaa wa kuanika. Ajali haioni. Anahesabu mitumbwi inayorudi, maana alishamtangulizia nahodha pesa. Hadithi ikasimama.

Huyo mama nilimwandika kwa nafsi ya tatu, na hapo Kiswahili kikanitega. "Alimwambia kwamba hajamwona." Nani kamwambia nani? Kiambishi a- hakitofautishi mke na mume, basi rudia jina bila aibu, au mwite mmoja kwa kazi yake. Nafsi ya kwanza nayo ina ugonjwa wake: niliamka, nilinawa, nilitoka, utadhani mtu anatwanga kisamvu. Ingiza -ka- (nikanawa, nikatoka), au anza na kitu badala ya mtu. Nafsi ya pili sijawahi kuimudu zaidi ya ukurasa mmoja.

Nilipomaliza, nilipigia mstari kila jambo ambalo yule mama asingeweza kuliona wala kuambiwa. Yalikuwa saba. Sita nikayafuta. La saba, wazo la nahodha kule gizani, nililing'ang'ania kwa sababu ni zuri, na mpaka leo kila anayenisomea anakwama palepale.