Ukipewa kalamu msibani: kuandika wasifu wa mzee mwenye duka

Kamati ya mazishi ikishagawana kazi, nani chakula, nani jeneza, nani turubai na viti, lazima mmoja aseme: "Wasifu aandike fulani, yeye amesoma." Basi wewe ndiye huyo fulani. Una usiku mmoja, pengine siku mbili kama kuna mtoto anayesubiriwa kutoka mbali. Maelezo haya ni ya mwandishi wa mara ya kwanza, na tumemchagua marehemu anayewasumbua wengi: baba aliyelea familia kwa duka la mtaani. Hakuajiriwa, hana vyeo vya kuorodhesha. Matokeo yake mwandishi huandika "alikuwa mfanyabiashara", akaruka miaka 30 kwa maneno mawili, kisha akajaza ukurasa kwa "mcheshi, mkarimu, mtu wa watu".

Kwanza ujue urefu. Msibani husomwa polepole, kama maneno 90 hadi 100 kwa dakika, tena sauti hukwama njiani. Ukipewa dakika tano, andika maneno 450, yaani kama ukurasa mmoja na nusu wa A4 kwa herufi za ukubwa wa 14. Ukizidisha, mchungaji ataanza kutazama saa nawe utaruka aya mbele ya watu, na aya inayorukwa mara nyingi ndiyo yenye majina ya wakwe.

Majina yaandike kama yalivyo kwenye kitambulisho, kisha ongeza lile la mtaani. Dar es Salaam mwenye duka huitwa Mangi, jina la Kichagga, hata kama kwao ni Makete. Usipolitaja, wateja wake nusu watakaa chini ya turubai wakijiuliza anayezikwa ni nani.

Orodha ya watoto ndiyo huleta balaa. Muulize mjane, kisha mtoto mkubwa, kisha dada wa marehemu, kila mmoja peke yake. Shangazi ndiye anayejua aliyezaliwa kabla ya ndoa. Jina likitokea kwenye orodha moja tu, usiamue wewe: lipeleke kwa msemaji wa familia kabla karatasi haijaenda stesheneri. Wasipoafikiana usiku huo, andika "ameacha mjane, watoto na wajukuu" bila idadi. Idadi yenye makosa humsimamisha mtu makaburini. Watoto waliotangulia mbele ya haki nao watajwe. Mama yao yupo hapo anasikiliza.

Kuhusu miaka, ndugu wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Ukiuliza "alifungua duka mwaka gani?" utapata mabishano ya saa nzima. Uliza hivi: alikuwa ameshafungua wakati wa vita vya Kagera (1978 hadi 1979)? Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, 1983? MV Bukoba ilipozama, Mei 1996? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimkuta kwenye fremu ile ya zamani au hii ya sasa? Maswali matatu ya namna hiyo hukufikisha karibu sana. Kisha linganisha na karatasi: cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, leseni za biashara za zamani, ambazo wenye maduka wengi huzitunza kwenye faili au huzibandika ukutani. Kwa mzee aliyeuza tangu miaka ya 1970 unaweza kukuta pengo. Usilizibe kwa kubuni. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili yachukuliwe na ushirika, na wengine walirudi kaunta baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Uliza alikuwa akifanya nini katikati. Mara nyingi jibu lake, kulima, kushona, kuendesha gari la mtu, ndilo watoto hawajawahi kulisikia.

Sasa duka lenyewe. Hapa tumia nusu ya nguvu zako. Waulize waliokaa kaunta naye: alianza na bidhaa zipi? Mzigo alichukua wapi, akausafirisha kwa chombo gani? Alifungua saa ngapi, akafunga saa ngapi? Akienda kuchukua mzigo, nani alibaki? Jibu la swali hili la mwisho karibu kila mara ni mke wake, na wasifu mwingi humsahau kabisa, ukamweka jikoni wakati yeye ndiye aliyepima sukari miaka yote. Mwandike.

Omba pia kuona daftari la mikopo. Utakuta mistari kama: unga kilo 2, sukari nusu, mafuta ya taa robo, sabuni kipande. Mingi imekatwa kwa kalamu na pembeni kuna "kalipa". Angalia iliyokatwa bila neno lolote pembeni. Muulize mjane, pengine atakuambia huyo alifiwa na mume, mzee akaamua yaishe. Kwenye wasifu usisome jina la mdaiwa, wala kiasi. Andika: "Ukutani aliandika leo fedha kesho mkopo, lakini daftari lake lina madeni aliyoyafuta mwenyewe bila kumwambia mtu." Sentensi hiyo inabeba "mkarimu" kumi. Vivyo hivyo kwa familia: badala ya "aliwapenda sana watoto", andika kwamba kila Januari rafu zilibaki nusu tupu kwa sababu mtaji ulikwenda kwenye ada, na Machi zikaanza kujaa tena. Ila liwe kweli. Waliokuwa wateja wapo mbele yako, watajua.

Yapo ya kutoandikwa. Usiandike duka anabaki nalo nani, hata kama kijana mkubwa ndiye anayefungua mlango sasa. Hayo ni ya kikao cha ukoo na msimamizi wa mirathi, na karatasi uliyoandika wewe usiku wa manane inaweza kupepewa kwenye kikao hicho kama ushahidi. Usitaje viwanja, akaunti wala mkopo wa benki. Tangazo la "anayemdai au anayedaiwa na marehemu aonane na familia" hutolewa na msemaji, si wewe. Ushauri wa pembeni: daftari lile lipigwe picha kila ukurasa siku hiyohiyo, kisha lifungiwe. Madaftari yana tabia ya kupotea siku ya tatu.

Ugonjwa upewe sentensi mbili: aliugua tangu lini, alitibiwa wapi, alifariki tarehe ipi. Jina la ugonjwa litajwe kwa ruhusa ya mjane tu.

Msomaji asiwe mtoto wa marehemu. Wengi huahidi kuweza, wakashindwa kwenye jina la mama. Mpwa au mjukuu mkubwa anafaa. Na awepo wa pili mwenye nakala yake, amesimama karibu, anajua aya zote. Mazoezi yafanyike kwa sauti, mara mbili, majina ya vijijini yakitamkwa mbele ya mtu wa huko.

Kwa familia ya Kiislamu mambo ni tofauti. Maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku ileile, na wasifu mrefu hausomwi. Neno la familia ni fupi na suala la madeni hutangulia. Maandishi yako yatafaa zaidi baadaye, kwenye hitima, kwa hiyo kusanya taarifa bila haraka ila usingoje mpaka wageni wa mbali wameondoka.

Hifadhi nakala moja safi. Kaburi likija kujengewa, fundi wa marumaru atahitaji majina na tarehe, na zifanane na cheti cha kifo. Mpe kwa maandishi ya herufi kubwa, si kwa kumtajia kwenye simu, na mtu akasome jiwe lote kabla halijapakiwa kwenye gari.