Mkole au mpingo kwa upinde?

Kwa mti wa kutengenezea upinde wa mishale, chagua mkole. Ugumu wa mpingo, ambao wengi huutaja kana kwamba unamaliza hoja, ni sifa ya zumari na vinyago. Kwenye upinde unageuka mzigo, kwa sababu mti mzito kiasi cha kuzama majini hutumia sehemu kubwa ya nguvu ya mvutano kuisukuma mikono ya upinde yenyewe badala ya mshale. Isitoshe, kupata kipande cha mpingo kilichonyooka kwa urefu unaotakiwa ni shida, kama ajuavyo yeyote aliyeutafuta huku Handeni, Tanga. Mkole hutoa fito ndefu zilizonyooka, hupindika bila kukatika, na ndiyo maana tunaupenda kwa fimbo na mipini. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao huutumia, pamoja na miti mingine, kwa pinde zao.

Na wanaopendekeza mvule: huo mwachieni seremala wa milango.

Tahadhari moja: hata mkole mzuri huharibiwa na uchongaji. Upande unaomwelekea mlengwa ndio unaovutika, kwa hiyo ukishaambua ganda usiuguse tena kwa kisu, maana nyuzi zikikatwa hapo upinde hupasuka kuanzia palepale. Punguza unene kwa upande wa ndani tu. Ukaushe ufito kivulini, ncha zikiwa zimepakwa nta, kwani ufito uliovutwa ungali mbichi hubaki umepinda hata upote (kamba ya upinde) ukifunguliwa.