Akupancha na mazoezi ya shingo: je, vinakwenda pamoja?

SWALI: Ni mwezi wa nne sasa nasumbuliwa na maumivu ya shingo yanayoshuka hadi begani. Mtaalamu wa fiziotherapia amenipa mazoezi ambayo, kusema kweli, huyaacha kila maumivu yanapozidi. Rafiki yangu ananishauri niende kuchomwa sindano za akupancha. Je, naweza kutumia tiba zote mbili?

JIBU: Unaweza, ila angalia sana mpangilio wake. Misuli ya shingo, ambayo mchana kutwa hubeba kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5, hukaza inapouma; nawe unapoogopa kuisogeza, hudhoofika na kukaza zaidi. Kuchoma sindano au kubonyeza kwa vidole sehemu maalumu, kama vile vibonyeo viwili vilivyo chini ya kisogo, au ile ya juu ya bega katikati ya shina la shingo na ncha ya bega, kunaweza kutuliza maumivu kwa muda, lakini hakuijengi misuli iliyodhoofika. Kwa hiyo, nafuu ikishapatikana, usiitumie kupumzika tu: fanya mazoezi yako siku hiyohiyo au kesho yake, hasa lile la kurudisha kidevu nyuma polepole bila kuinamisha kichwa, ambalo wengi hulidharau kwa sababu halitoi jasho.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusisha watu 517 wenye maumivu sugu ya shingo, ulionyesha kwamba walioongezewa akupancha juu ya matibabu yao ya kawaida walipata nafuu zaidi ya waliobaki na matibabu hayo pekee, na tofauti hiyo, ingawa haikuwa kubwa, ilikuwapo hata baada ya mwaka mmoja.

Kila mtaalamu ajue anachofanya mwenzake. Hakikisha sindano ni mpya, za kutumika mara moja, na mchomaji amefuzu, kwani sindano inayozama mno juu ya bega inaweza kutoboa pafu. Ukiwa mjamzito, au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla ya kuanza. Lakini ukihisi ganzi au udhaifu mikononi, ukiyumba unapotembea, ukiwa na homa, au ikiwa maumivu yalianza baada ya ajali, ahirisha sindano na mazoezi pia, ukamwone daktari kwanza.