Jani limegoma kuwa jeusi

SWALI: Ni mwalimu mpya wa sayansi, kidato cha kwanza, hapa Tanga mjini. Jaribio la kupima wanga kwenye jani limenigomea mbele ya darasa: iodini imebaki kahawia badala ya kuwa nyeusi, rangi inayoonyesha kuwa wanga upo. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, Mwalimu. Huenda ulichuma jani alfajiri. Usiku mmea hutumia wanga wake. Chuma saa nane mchana, jani laini la muhogo. Lichemshe kwenye maji dakika moja, kisha zima moto kabisa. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 tu, na mvuke wake hudaka moto upesi. Tia jani kwenye neli (mrija wa kioo wa maabara) yenye spiriti, simamisha neli ndani ya maji yaleyale ya moto hadi jani lipauke. Litatoka kavu, linavunjika kama kaukau. Lichovye tena majini lilainike, ndipo udondoshee iodini.