Mshauri aanze na ya zamani au ya leo?
Pole sana dada. Umeuliza kama mshauri nasaha wako anakosea kukuuliza habari za usingizi na shughuli za wiki, wakati wewe ulitaka kumweleza ya utotoni. Hakosei. Aaron Beck, aliyeasisi tiba ya fikra na tabia huko Marekani miaka ya 1960, alisomea kwanza njia ya daktari Sigmund Freud ya kuchimba ya zamani, ndipo akahamia kwenye mawazo yanayomsumbua mgonjwa leo. Na Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi, wakachagua naye tatizo moja na kulitafutia njia.

Ila yangu yalikuwa mengine. Mlango ukibamizwa tu, nashtuka, viganja vinalowa jasho. Mazoezi ya kupumua yalinituliza kwa muda mfupi, mpaka nilipousimulia ule usiku tuliovamiwa na wezi, mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwa hiyo mwambie waziwazi: "Kuna jambo la utotoni linanirudia usiku." Asipolipatia nafasi hata hapo, tafuta mwingine.